Kilio cha Mama Yako Sikifasiri

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika, na ombi lako pia. Unataka nikufasirie maneno ya Kibondei, lugha yetu usiyoijua vyema, aliyolia nayo mama yako siku tulipomzika baba yako, ili yachapwe katika kijitabu cha onyesho lako huko Ulaya. Jibu nalitoa hadharani, kwa sababu kilio chake nawe ulikitoa hadharani.

Mimi ndiye niliyekufundisha kinanda katika kanisa letu la Muheza. Kilikuwa kinanda cha kukanyaga, na miguu yako haikufika chini. Mama yako alichuchumaa akazisukuma pedali kwa mikono ili upate upepo wa kupigia. Uliporudia wimbo ule ule, alikutania, "We bwana mkubwa, maliza! Mie mgongo wakatika." Ulicheka hadi ukapoteza nota. Kwaya ilipoimba misa ya kwanza uliyoitunga, baba yako, seremala asiyejua do wala re, alisimama mlangoni akimuuliza kila atokaye, "Mmemsikia mwanangu?" Ulipokuwa mtunzi na mpiga ogani wa makanisa makubwa ya ugenini, nilijivuna kuliko yeye.

Siku ya mazishi ulishika simu karibu na mama yako. Tulidhani unawahifadhia sauti nduguzo walioshindwa kufika.

Kisha ukatutumia video ya onyesho lako. Tulikusanyika sebuleni kwa mama yako, mtaa wa Makorora, na jirani yake Mama Mwanaidi akawa wa kwanza kukuona. "Shoga, njoo! Mwanao kavaa suti kama bwana harusi!" Ogani ikanyamaza, na katika vipaza sauti akasikika mama yako akimwita mumewe. Ulilikata neno lake, ukalirudia, ukalirudia tena, huku vidole vyako vikirudi kupiga ogani chini ya sauti yake. Mwishoni ukumbi mzima ulisimama.

"Kaka," mama yako aliniuliza, "wanashangilia nini?"

Niliizima video. Kisha nikatoka nje.

Nilipokupigia simu ulisema, "Mjomba, ni heshima kwa baba. Huku imesifiwa mno." Imesifiwa na watu wasiomjua marehemu, wala hawakubeba jeneza lake. Mwenye kilio ulimwomba ruhusa lini? Nimesikiliza muziki maisha yangu yote, na sijapata kusikia uchafu uliopangwa kwa ustadi kama ule.

Mwezi uliopita Mama Mwanaidi alifiwa na mumewe. Unajua jinsi mama yako alivyo msibani: hodi na kilio chake huingia pamoja. Safari hii alikaa kando ya ukuta, kanga ameisokomeza mdomoni. Mfiwa mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Mwalimu, shoga yangu hakunililia. Nimemkosea nini?" Nilimuuliza dada yangu njiani. Alisema, "Niliogopa, kaka. Mle ndani simu zilikuwa nyingi."

Basi sikiliza. Maneno yale mama yako alimwambia mumewe, na mumewe peke yake. Sitayafasiri. Iondoe kazi hiyo, isipigwe tena popote, kisha uje umwombe radhi mama yako ana kwa ana. Ukikataa, siku nitakayokufa usije kunizika.

Nilimtamkia mama yako sentensi hiyo kabla ya kuiandika, nikitumaini atanizuia. Alisema, "Iandike, kaka."

Nimeiandika.

Mjomba wako