Mama Alimtetea Jirani

Jumatatu, 3 Machi
Nimekamua, nimekata majani ya ng'ombe, nimepeleka maziwa kituoni. Jirani yetu, Mama Eliaichi, naye alikuja na ndoo yake. Watu wakamkwepa kama mwenye upele. Bado wanadai alivunja chungu kumwapiza mama yangu, ndiyo maana marehemu alimaliza miaka yake akiongea na watoto wasiokuwepo sebuleni. Upuuzi mtupu. Nimewachoka.

Ijumaa, 7 Machi
Baba mdogo kaja kugomba. Mama tulimzika kihambani, shamba letu la migomba hapa nyumbani, mwezi uliopita, lakini ubongo wake uko hospitalini mjini.
"Mmemzika nusu!"
"Shikamoo kwanza, baba mdogo. Alitaka mwenyewe."
Kweli alitaka. Akili ikiwa bado nzima, alisema mbele ya mchungaji: nikifa nipasuliwe kichwa, mjue ni ugonjwa, mumwache jirani yangu. Mwanamke wa darasa la nne! Najivunia kuwa mwanawe.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua, matope hadi magotini. Nimeshuka Moshi bure. Ubongo mbichi ni laini mno, daktari kasema, lazima ulale kwenye dawa wiki kadhaa ukakamae ndipo ukatwe vipande vyembamba vya kupima.
Baba mdogo hana subira hiyo. Kikao cha ukoo ni Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Bila majibu, wataziba njia ya Mama Eliaichi inayopita kihambani kwetu. Hana nyingine ya kufika barabarani. Naogopa. Je, wasipoona kitu?

Jumanne, 15 Aprili
Wameona! Daktari kaniachia darubini. Ndani ya seli, mabonge madogo ya mviringo, rangi ya kahawia. Mabonge hayo huitwa miili ya Lewy, na ugonjwa una jina hilohilo. Ndio unaomfanya mtu aone wasiokuwepo. Mama akiwa hai madaktari walikuwa wanakisia tu. Nililia mbele ya wataalamu wale, na sikuona haya.

Jumamosi, 19 Aprili
Kikao. Nimesema yote nikiwa nimesimama. Binamu mmoja akacheka, eti chungu kinaweza kuleta hata mabonge. Baba mdogo akamkata: "Nyamaza wewe. Shemeji alitoa kichwa chake, wewe umetoa nini?"
Kisha akatoka nje, akachuma jani la isale, akatutangulia hadi kwa Mama Eliaichi. Ukiletewa isale umeombwa msamaha, na huwezi kukataa. Mzee mbishi vile, kapiga magoti getini! Alinikera miezi yote hii. Leo nimejivunia damu yake.

Jumatatu, 21 Aprili
Kumetulia. Mchana Mama Eliaichi kapita kwenye njia yake, akageukia kaburini. Akamwambia mama kwa Kichagga kwamba amefika, na kwamba amechelewa kwa sababu alikuwa anaogopa kuonekana.
Nikamletea kigoda. Akakaa.