Ini la Mzee wa Kanisa

Ukunda, 4 Februari 2024

Shikamoo Baba,

Hujambo? Mimi ni mzima, kazi ya kupaka rangi inaendelea. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa Mwero wa bodaboda barua hii.

Nimesikia kanisa limekuvua uzee. Dada Mumbe alikuwa ameshanitumia picha ya karatasi yako ya hospitali, akitaka nimsomee Kiingereza chake: mafuta kwenye ini. Baba, ugonjwa wa ini ni pombe, hilo kila mtu analijua. Miaka sita iliyopita ulinifukuza nyumbani kwa harufu ya pombe ya mnazi, mbele ya mke wangu. Kumbe mwenzangu ulikuwa unakunywa kwa kujificha. Sasa ni zamu yako kukaa benchi la nyuma, na sikuonei huruma.

Mwanao, Mumo


Shimba Hills, 11 Februari 2024

Mwanangu Mumo,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila mimi kichwa kinanigonga kila asubuhi.

Sijaonja pombe tangu nizaliwe. Chai yangu ya sukari nyingi unaijua, na chapati za dada yako, na tumbo hili. Daktari alisema hayo yanatosha kulijaza ini mafuta. Nilimweleza mchungaji Kilonzo hivyo hivyo, wazee wenzangu wakacheka. Sijui ni nani aliyempelekea habari zangu.

Daktari alitaka nirudi hospitali ya Msambweni nipimwe mishipa ya damu, eti wenye ini kama langu mara nyingi mishipa yao huwa imeanza kuwa migumu. Sirudi. Nikionekana tena kwenye foleni ile watasema natibiwa ulevi. Kwanza wanirudishie jina langu.

Usiniandikie tena.

Baba yako


Ukunda, 3 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Natumaini kichwa kimepoa. Najua umenikataza kuandika.

Juzi nilikuwa naipaka rangi nyumba ya muuguzi mmoja, Bi Twaiba, nikamwonyesha ile picha ya karatasi yako. Aliniuliza kama wewe ni mnene. Akasema ini hujaa mafuta hata kwa mtu asiyejua chupa inafunguliwaje, na kwamba la kuogopa zaidi ni hiyo mishipa, maana haiumi mpaka siku inapoziba. Nilishindwa kuumaliza ukuta wake.

Baba, ni mimi niliyempigia mchungaji simu. Siku ile nilifurahi, leo najichukia. Nimeshamwendea nikamweleza ukweli, amesema atakuja kwako baada ya Pasaka. Tafadhali usimngoje. Nenda ukapimwe wiki hii. Nitakuwa langoni mwa hospitali, foleni nitaipanga mimi.

Nisamehe.

Mwanao, Mumo


Msambweni, 2 Aprili 2024

Mumo,

Hujambo? Anayeandika ni dada yako Mumbe, lakini maneno ni yangu. Yanatoka polepole kwa sababu mdomo umepinda. Mkono wa kulia na mguu vimelala tangu Ijumaa Kuu. Mishipa wameipima sasa.

Barua yako ya Machi niliitia ndani ya Biblia bila kuifungua, nikidhani ni matusi mengine. Mumbe amenisomea leo hapa wodini.

Mchungaji alikuja jana kuniomba radhi. Anasema Jumapili walitangaza kanisani kuwa nimerudishiwa uzee. Nimemsamehe, yeye aliambiwa na mtu. Wewe hukuambiwa na mtu yeyote, na nyumbani mwangu ulikaa miaka ishirini na minne ukiniona ninachokunywa.

Mumbe analia, anataka niongeze neno. Mwambie mkeo nimemsalimu. Wewe usije.

Baba yako