Beringi Iliyokuwa Ikiishi Kinyumba

Ijumaa, Ipagala. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi. Nimefuta meza yangu leo hata pale pasipo na vumbi. Nadhani nilikuwa natafuta tu kitu cha kuishughulisha mikono.

Nina hatia. Afadhali niseme mapema, kabla sijaanza kujitetea.

Kazini kwetu Nkuhungu tunachora mashine kwenye kompyuta, kisha karakana ya nyuma inakata vyuma na kuchomelea. Kila kipande unakichora peke yake, halafu unavileta pamoja na kuviambia vishikane vipi: hiki kilale juu ya kile, tundu hili lilingane na lile. Sisi tunaita kuozesha. Ukiviozesha sawasawa, ukisogeza kimoja mwenzake anafuata. Ila ukiwa na haraka, unaweza kukisogeza kipande kwa jicho mpaka kikae mahali pake, ukakifunga hapo hapo kisitikisike. Kwa kutazama huoni tofauti. Hapo ndipo tunaposema vinaishi kinyumba, na mimi ndiye ninayewacheka wenzangu zaidi wakifanya hivyo.

Mashine ya kukamua zabibu ilikuwa yangu. Rola yake inashikwa na beringi mbili, kushoto na kulia. Ya kushoto niliiozesha na fremu. Ya kulia, kwa kuwa nilikuwa nawahi sendofu, sherehe ya kumuaga binamu yangu anayeolewa, niliisogeza kwa jicho, nikaifunga, nikabeba mkoba.

Wiki hii mteja akataka fremu iinuliwe ili ndoo ipite chini. Bosi akampa Rehema kazi hiyo. Rehema ndiye mgeni wetu ofisini, binti wa Kisandawe kutoka Chemba, bado yuko kwenye majaribio. Jumatatu bosi anaamua kama atampa mkataba.

Rehema akainua fremu. Beringi ya kushoto ikapanda nayo. Ya kulia ikabaki chini, imefichwa nyuma ya kifuniko, na tundu lake kwenye fremu likabaki huko huko chini. Leo karakana wamekata kama mchoro ulivyosema, na rola imeingia imelala upande kama kitanda kilichovunjika mguu.

Bosi alikuja na uso ambao sitaki kuuona tena. "Nani kagusa hili faili mwisho?"

"Ni mimi, bosi," Rehema akasema. "Naomba unisamehe. Hata sijui nimekosea wapi."

Mimi nilijua. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili, nikajifanya natafuta chaja.

Walipokwenda kula mchana nikalifungua faili, nikaiachia ile beringi, nikaiozesha. Sasa mchoro ni safi, na bosi nimemwambia tu kwamba nimeurekebisha. Hata Rehema akitafuta, haoni kitu, na ataendelea kuamini kwamba kosa lilitoka mkononi mwake. Hili linaniuma kuliko ile haraka ya kwanza, kwa sababu nimelifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Jioni ujumbe wake ukaingia: "Dada, bosi kaniambia umenirekebishia faili. Asante sana jamani. Mama akileta asali nyingine nakuwekea chupa yako."

Chupa nyingine! Ile ya kwanza aliyonipa bado iko jikoni, na nimeshindwa hata kuitazama. Chai nimeinywa hivyo hivyo, bila kitu.

Nimejiuliza ninaogopa nini. Sifukuzwi kazi. Nitachekwa tu, kwamba mshenga mkuu wa ofisi kaacha watu wanaishi kinyumba. Basi. Kwa kuogopa kuchekwa nilikuwa tayari binti wa watu arudi Chemba bila kazi.

Naona aibu.

Rehema husoma blogu hii. Nimefikiria niyaweke haya hewani ayakute mwenyewe, lakini huko nako ni kujificha nyuma ya kifuniko. Kwa hiyo kwanza nampigia bosi, nimwambie beringi ile niliifunga mimi na mimi ndiye niliyefuta alama zake. Halafu nampigia Rehema. Sibonyezi kuchapisha kabla ya hapo.

Rehema, kama unayasoma haya, ulishayasikia kwa mdomo wangu.