Kidonge Kabla ya Mwiko

Jumatatu, 3 Juni 2024

Tangu mahindi yapaliliwe sijaanguka hata mara moja! Mwanzoni vidonge vya kifafa vilinilaza kama mlevi. Sasa kichwa chepesi. Jumapili ni misa ya shukrani, kisha karamu hapa kwetu Izia. Mama ametangaza mtaa mzima: Anjela amepona. Ila jikoni bado marufuku. Tangu nilipoangukia moto nikaungua mkono, hata chai napikiwa — mtu mzima mimi!

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Mama kaficha dawa zangu. Eti kumshukuru Mungu huku nameza vidonge ni kumdanganya. Mama mdogo Fransiska anaitikia tu, kama kawaida yake. Nimebishana mpaka sauti imekauka. Kesho kliniki, nimemwambia Mama twende wote. Kakubali upesi — anataka nesi amwone aliyepona! Dozi ya jioni imenipita. Naogopa.

Alhamisi, 6 Juni

Nesi Redempta hakumgombeza Mama. Alimuuliza kama bado anaimba kwaya. Akasema ubongo nao ni kwaya: chembe zake hupeana ishara za umeme kwa zamu. Kifafa ni pale nyingi zinapopayuka kwa mkupuo. Dawa inazituliza zisipayuke pamoja. Lakini haing'oi ugonjwa. Ukiikatisha ghafla, kelele zinaweza kurudi na nguvu zaidi. Hata kuipunguza ni kwa amri ya daktari, taratibu.

Mama akauliza, sasa Mungu nimshukuru kwa lipi? Nesi akamjibu: kwa dawa kumkubali mwanao, mama yangu. Wengine haiwakubali.

Jioni nimekuta pakiti juu ya mto wangu. Nimemeza, nikalia. Afadhali, jamani, afadhali!

Jumapili, 9 Juni

Misa imeisha. Ua umejaa watu, baridi inakata. Kwa pilika za asubuhi nimesahau dozi — Mama hakusahau! Kaniita jikoni mbele ya wote. Mkono huu mwiko, mkono huu kidonge na kikombe cha maji. Meza kwanza, ndipo usonge. Mama mdogo kaguna. Mama hakumtazama hata.

Nimemeza, watu wakinikodolea macho. Nimekimbilia chumbani kutafuta kitambaa cha kichwa, ndio naandika haya. Mama anaita tena — maji yanachemka, na amekataa mtu mwingine yeyote atie unga ila mimi.