Mabaka Yangu na Cherehani Niliyoigawa

Jumatatu, 3 Machi
Wifi, andika. Daktari wa ngozi kasema kila mara iandikwe, imewasha wapi, imewasha vipi. Nikamwambia shule mimi niliiona kwa nje tu. Kasema tafuta mtu. Basi mtu ni wewe, maana kaka yako marehemu alikusifia mwandiko hadi nikaona wivu.

Haya. Mabaka yako mapajani, kiunoni, makalioni. Makalio yaandike, usione haya, si ya kwako. Mwaka wa kumi na moja huu yananiwasha. Daktari huyu anasema choa, yule ukurutu, muuza dawa kila siku kopo jipya la mafuta. Leo wamekata kinyama, kama kifungo cha shati la mtoto, kikapimwe. Wakanishona nyuzi mbili. Mshono wenyewe — mimi miaka thelathini nashona sare za shule, sare ya mshono huo mtoto angeirudisha.

Alhamisi, 13 Machi
Majibu. Saratani.
Daktari kaendelea kuongea, masikio yangu yalishafunga duka. Nimeambulia kwamba ni ya askari wa damu, wale wa kulinda mwili, wameasi wakapiga kambi kwenye ngozi. Ni nadra, kasema. Nadra ikanitafuta mimi. Nikatoka hajamaliza.
Funga daftari.

Jumamosi, 15 Machi
Nimegawa. Sitaki watu wagombane mimi niko chini ya udongo. Masufuria makubwa kwa mwanangu. Kabati kwa jirani, alikuwa analitazama siku nyingi. Cherehani nimekupa wewe, wifi — andika, usililie karatasi. Ulikataa, nikakufokea, ukaja na mkokoteni. Sakafuni imebaki alama ya miguu minne, nafagia naizunguka.
Kuwasha: mgongoni, sana.

Jumanne, 18 Machi
Mwanangu kanirudisha hospitali, kanishika mkono kama mwizi. Daktari kasema, mama, siku ile ulinikimbia maneno yakiwa mdomoni.
Leo nimekaa. Ugonjwa una jina la uyoga ila si uyoga, na hauambukizi. Uko kwenye ngozi tu, ndani haujaingia. Kuisha kabisa hauishi, unatulizwa. Mwendo wake wa konokono. Nikauliza, miezi mingapi? Kashangaa. Miezi? Wengi wa hatua yako wanazeeka nao, wanakufa na mambo mengine. Nikamwambia mimi nishazeeka, aseme vizuri. Kasema basi utazidi kuzeeka. Hakuapa. Atanipima kila baada ya miezi michache, aangalie usije ukahamia ndani.

Dawa ni taa. Unasimama ndani ya sanduku refu la taa, ngozi ipigwe mwanga, mara tatu kwa wiki, uchi wa mnyama, umevaa miwani nyeusi. Kaka yako angeniona angesema mke wangu kawa msanii uzeeni.
Cheka, lakini mstari usipinde.

Alhamisi, 20 Machi
Taa dakika moja tu, wanaanza taratibu. Mapajani kuwasha kumepungua, au ni moyo wangu tu. Mgongo bado.

Sasa hili lingine. Ukuta kati ya chumba changu na chako mwembamba, wifi. Nakusikia unavyoshona. Mguu wako una haraka, na ukifika kwenye kona unasita. Jirani kaniambia umepata oda ya mapazia, umenunua na uzi wa rangi nne. Nimefurahi. Kweli nimefurahi, hukuwahi kushika kazi yako mwenyewe tangu ulipofiwa na mumeo.

Ila mchana mikono yangu inashika hewa. Mtu wa kufa kesho anaweza kukaa hivyo, anasubiri. Huyu aliyeambiwa atazidi kuzeeka, akae akitazama nini?

Najua. Cha kutoa hakirudishwi. Na wewe hukuomba, nilikulazimisha, nikakuita mjinga mbele ya mkokoteni. Sijasahau. Na mapazia ya watu uko nayo nusu.

Lakini daftari ni langu, ya moyoni yaingie. Andika kama ninavyosema, usilainishe: nataka cherehani yangu irudi.

Umeandika?

Nisomee basi. Mimi sijui kusoma, nitajuaje uliweka nini hapo?

Wifi. Soma.