Maziwa Niliyoyamwaga Mbele Yako

Mpendwa Pakine,

Akina mama wa kikundi chetu hapa Karatu wameniomba niandike ushauri kwa wenye biashara ndogo: jinsi ya kuvuta wateja na jinsi ya kuwashika wasihame. Wanasema mimi ndiye mkongwe wa barabara hii ya kupanda lango la hifadhi, nimechemsha chai tangu mashamba ya ngano yakiwa yamejaa vibarua, kwa hiyo lazima kuna siri ninayo. Karatasi yenyewe itabandikwa ukutani pale ukumbini, kila mtu aisome. Nimekaa nayo tangu asubuhi. Kila ushauri mzuri ninaotaka kuuandika nakuta ni wako, na ule mmoja niliojitungia mwenyewe ndio ulionipotezea wewe. Basi nimeacha kuwaandikia wao. Nakuandikia wewe, na wao wasome hapo hapo.

Najua hujui kusoma. Lakini nimesikia una binti anayesoma shule kule Wasso, na madereva wa malori ya huko hunywa chai kwangu. Kuna atakayekufikishia.

Wenzangu watajiuliza Pakine ndiye nani. Si jina ulilopewa na wazazi wako, wala mimi sikuzaliwa nalo. Mwanangu Neema alipozaliwa, homa ilinikausha maziwa. Ulifika na vibuyu vyako vya maziwa ya kuuza kama kawaida, ukanikuta nimelala chumba cha nyuma ya hoteli, mtoto analia bila nguvu. Kesho yake ulirudi unavuta mbuzi jike, chuchu zimejaa. Baba Neema akauliza bei. Ulinigeukia mimi.

"Kwetu mtu akipewa mbuzi, jina ya zamani naisha," ulisema. "Sasa mimi naita wewe Pakine. Wewe naita mimi Pakine. Basi."

Nikakuambia watu watatuchanganya.

"Wachanganye," ukasema, ukaketi kumkamua.

Kabla ya hapo tulikuwa muuzaji na mnunuzi tu. Nakumbuka siku ya kwanza uliposimama mlangoni, punda wako nje, vibuyu vitatu vimefungwa kwa ngozi. Ulikuwa umeshuka kutoka kule juu, karibu na lango la hifadhi, umekatisha kijiji cha Ganako kwa miguu. Mimi mtu wa Singida, Kimasai sikijui hata salamu, na Kiswahili chako kilikuwa cha kuokoteza. Nilitaka tumalizane haraka maana maandazi yalikuwa yanaungua. Wewe ulitaka kwanza kujua maziwa yanakwenda wapi.

"Nani nakunywa hii?"

"Wateja."

"Mteja nani? Mtoto? Mzee? Mgonjwa?"

"Madereva, mama. Madereva na vibarua."

Ukafikiri, ukarudisha kibuyu kimoja kwa punda, ukaleta kingine. "Dereva nataka nzito. Nyepesi nalaza yeye kwa njia."

Nilikuona msumbufu. Leo watu wanalipia semina ili wafundishwe kumjua mteja, na wewe ulinifundisha bure mlangoni huku nikikuharakisha uondoke. Kisha ukamimina kidogo kwenye kifuniko, ukanywa mwenyewe mbele yangu, ndipo ukanipa mimi. Hivyo ndivyo ulivyofanya kila asubuhi kwa miaka yote, hata baada ya kuitana Pakine, hata siku nilipokuambia wazi kwamba nimechoka kusubiri hilo zoezi lako. Ulicheka, ukanywa taratibu zaidi.

Maziwa yako yalinuka moshi. Hili lazima niliseme, maana ndiko balaa lilikotokea. Kibuyu ulikisugua ndani kwa kijinga cha oloirien, ule mzeituni wa porini, ndipo ukatia maziwa. Wateja wa mwanzo walikunja uso. Dereva mmoja aliniuliza kama nimechemsha chai au nimebanika. Lakini baada ya wiki mbili huyo huyo alikuwa anapita hoteli nne zilizo kabla yangu ili aje kubanikiwa. Sikuwa na kibao, sikuwa na rangi ukutani. Vibarua wakitoka shamba walisema, "Twende chai ya kibuyu," na kila mtu akajua ni wapi. Jina hilo walilitoa wenyewe. Ule mwaka sukari ilipoadimika, hoteli nyingine zilifunga, maana nani atakunywa maji ya majani? Chai yako watu waliinywa bila sukari na kuomba kikombe cha pili. Na robo yoyote ya sukari niliyoipata nilikuwekea wewe chini ya debe la unga, kwa sababu ulikuwa mroho wa sukari kuliko watoto.

Kiangazi je? Ng'ombe walipokauka ulishuka vilevile. Kibuyu kitupu, miguu imejaa vumbi, safari ile yote. Ulisimama mlangoni ukasema, "Leo hakuna. Kesho hakuna. Ambia watu wasingoje," ukanywa maji, ukageuka kurudi. Nilikuuliza mara moja kwa nini unajitesa kwa jambo ambalo ningeligundua mwenyewe kwa kutokukuona. Ulinishangaa sana. Ulisema mtu akikungoja, amekupa siku yake. Akina mama wenzangu, kama mnataka ushauri, chukueni huo mwende nyumbani. Mimi sina unaoufikia.

Sasa nifike pale.

Walipokuja watengeneza barabara wakapiga kambi yao nje ya mji, msimamizi wao alianza kunywa kwangu. Kijana wa mjini, shati limepigwa pasi, anafuta kiti kwa leso kabla ya kuketi. Akaniambia anaweza kunipa kambi nzima, chai asubuhi na saa nne, miezi mingi, ila watu wake hawataki harufu ya moshi. Wanataka maziwa safi ya kwenye chombo safi. Wakati huo Baba Neema alikuwa amekwenda Dodoma kutafuta kazi na barua zake zimekoma. Nilikuwa na watoto watatu na paa linalovuja. Niliisikia ile kambi nzima kichwani usiku na mchana.

Nikanunua dumu la plastiki, jipya, jeupe, nikakupa. Uliligeuza mikononi, ukalinusa.

"Hii hapana pumua, Pakine."

"Ndiyo wanayotaka wateja."

"Mteja gani? Mteja ya chai ya kibuyu?"

"Wateja wapya."

"Moshi ndio nalinda maziwa kwa njia. Bila moshi maziwa nakufa."

Nikakuambia mambo ya kisasa ndiyo hayo, tujaribu. Neno hilo la kisasa nalionea haya hadi leo. Hukubishana tena. Ulilifunga dumu mgongoni mwa punda, juu ya vibuyu vyako, ukaondoka nalo.

Siku ya kuanza, msimamizi alikuja mwenyewe na watu wake sita kuonja. Viti vyote vimejaa, nimevaa kitenge changu cha kanisani. Ukafika jasho likikutoka. Nadhani ulitembea bila kupumzika ili maziwa yawahi. Nilipofungua dumu nilijua kabla ya kuyanusa maziwa. Yalikuwa yamekatika, na si ule mgando mtamu wa kibuyu, ni uozo wa plastiki na jua. Msimamizi alifunika pua kwa ile leso yake. Mmoja wa watu wake akasema kwa sauti, "Si ndiyo usafi wenyewe wa huku."

Pakine, ulikuwa umesimama karibu nami kiasi cha kunishika mkono. Ningeweza kusema, kosa ni langu, dumu nililitoa mimi. Ningeweza kulifunga, nikaliweka nyuma, nikamwaga baadaye ukiwa umeondoka. Lakini nilitaka wateja waone. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu, nayakumbuka yalivyokuwa: mteja akiona unatupa kibaya mbele yake, atakuamini. Ndio huo ushauri wangu niliojitungia. Nikalibeba dumu hadi mtaroni, nikaliinamisha juu kabisa ili mmwagiko uonekane, na nikasema kwa sauti ya kusikika mezani, "Kwangu uchafu hauingii. Mama, usiniletee tena vitu hivi."

Nilikuita mama. Jina letu niliona haya kulitaja mbele ya wale watu.

Uliinama kando ya mtaro, ukang'oa majani mabichi, ukayaweka juu ya maziwa pale yalipokuwa yanazama. Kisha ukafungua punda, ukachukua vibuyu vyako vyote, ukaenda. Mmoja wa wale watu alicheka. Mimi nilikuwa nimeshageuka kufuta meza.

Baadaye sana mama mmoja wa kwenu, muuza shanga, ndiye aliyenieleza. Maziwa, alisema, mtu wa kwenu hayamwagi ovyo, na kumwaga mbele ya mkono uliokamua ni kumwambia mwenye mkono huo kwamba heri asingekuwepo. Nikamuuliza yale majani. Akasema majani ni ya kuomba amani kwa Mungu. Nikamuuliza, ulimwombea nani. Akaniangalia, akaendelea kutunga shanga zake.

Kambi ile ilikunywa kwangu kwa wiki chache, kwa maziwa ya ng'ombe wa jirani, kisha ikahamia mbele na msimamizi wake hata kuaga hakuaga. Wateja wangu wa chai ya kibuyu walikuja wakaonja, wakaja tena kwa heshima, halafu wakaanza kupita. Wiki nzima nilikaa nikiangalia barabara ya juu. Nilidhani utashuka hata kuja kunitukana, nikajiandaa kutukanwa, nikaweka na sukari. Hukushuka. Kiangazi kikaja, na hakuna aliyesimama mlangoni kuniambia nisingoje.

Sasa hivi hoteli yangu ina wateja, nisiongope. Kuna magari ya watalii tena, madereva wao wananiita bibi. Ninachemsha chai nzuri isiyonuka kitu. Neema ameolewa Arusha, ndugu zake wamemfuata huko, na chumba cha nyuma nalala peke yangu na magunia ya mkaa. Watu huingia na kutoka tangu alfajiri, nazungumza nao siku nzima, na nikifunga mlango nagundua hakuna hata mmoja aliyesema nami. Nimekukosa, Pakine. Nimekukosa kuliko nilivyomkosa Baba Neema, na hilo akina mama wanaweza kulisoma vilevile.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mwaka jana yule muuza shanga aliniambia boma lenu lilihamia upande wa Oloipiri, na kwamba wewe huonekana Wasso, unauzia maziwa watu wanaokwenda kuona wagonjwa wao hospitali. Nikafunga hoteli. Nilipanda lori la mahindi, siku mbili za vumbi, nimepakata kilo mbili za sukari na majani ya chai. Njia nzima nilikuwa natunga maneno.

Nilikuona kabla hujaniona. Ulikuwa umekaa chini ya ukuta wa duka, vibuyu vimepangwa, nywele zako zimeanza mvi pale zilipoota baada ya kunyolewa. Wanawake walikuwa wamepanga mstari. Nilisikia unamuuliza mmoja, "Nani nakunywa?" naye akajibu mume wake, amepasuliwa tumbo, na wewe ukabadilisha kibuyu. Sikuweza kuja mbele na maneno yangu, kwa hiyo nikasimama nyuma kabisa kwenye mstari, nikasogea na wenzangu.

Zamu yangu ilipofika uliinua uso. Ulinijua. Usiniambie hukunijua, maana mkono wako uliokuwa unafunika kibuyu ulisimama. Tuliangaliana. Niliukumbatia mfuko wangu wa sukari.

Ndipo ukatabasamu, tabasamu zuri, lile ulilompa kila mtu aliyenitangulia.

"Karibu, mama," ulisema. "Wewe natoka mbali. Nani nakunywa?"

Nikasema, "Mimi."

Ulimimina kidogo, ukaonja mbele yangu, ukanijazia kikombe. Halafu ukakiangalia, ukaongeza mpaka kikafurika kidogo kwenye vidole vyangu.

"Mgeni napewa nyongeza," ulisema. "Apende, arudi."

Nilikunywa yote nimesimama. Nikalipa, ukashukuru kwa mikono miwili, ukamgeukia aliyekuwa nyuma yangu.

Hujapata kunihudumia vizuri namna ile tangu tufahamiane. Nikae na amani, ukae na amani, wewe na binti yako na ng'ombe wako. Jina letu silitii sahihi hapa chini, kwa kuwa ni la watu wawili, na mmoja wao bado hajanirudishia.

Ni mimi,
mteja wako