Alama Mbili kwenye Puli

Kijijini, ng'ambo ya Choma
Ijumaa, baada ya sala

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimetulia? Mama alisema unakohoa kila ukipuliza moto wa kulehemu, na tangu hapo nakuwaza kila ninapowasha wangu. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio una hofu, na nataka usikie kwangu kabla hujasikia hapo Cheyo kwa mtu aliyeshuka treni.

Mzee Maganga niliyekuandikia habari zake, dereva wa lori la kijiji, yule aliyenipa chumba nilipofika hapa kuwa fundi, amevunjika mkono. Betri yetu imechoka, haiwezi kuzungusha injini, kwa hiyo tunawasha kwa hendeli, chuma cha kuzungusha injini kwa mkono. Alhamisi ya wiki iliyopita alipoivuta, injini ilipiga kinyume, hendeli ikarudi kwa nguvu ikampata chini ya kiwiko. Nilisikia mfupa, Baba. Akakaa chini, akautazama mkono, akasema, "Punda huyu leo kaamua kupiga teke." Watu walicheka kwa kuwa yeye alicheka. Mimi sikuweza.

Jioni Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Hakunitaja. Alisema mahindi yamelala ghalani, mvua zinakaribia, na wapo watu wa mjini wasiotaka kijiji hiki kisimame. Mtu wa mjini hapa ni mimi peke yangu. Tangu siku hiyo nikipita kisimani mazungumzo yanakatika. Kijiji cha jirani fundi wa pampu alichukuliwa kwenda Nzega kuhojiwa, na mkewe mpaka leo hajui atarudi lini.

Nikaanza kutafuta ugonjwa wa lori kama ulivyonifundisha kwenye baiskeli, kitu kimoja kwanza, kisha kingine, na kuandika. Nyaya za plagi zilikuwa kwa mpangilio wake. Nafasi ya platini, vile vibati vinavyoachana ili cheche iruke, ilikuwa sawa. Nikaunga balbu ndogo kwenye platini na kuzungusha injini polepole kwa mkono. Ikawaka, ishara ya cheche, palepale alama ya kiwandani kwenye puli, gurudumu la mkanda mbele ya injini, ilipofika mahali pake, kama kitabu cha lori kinavyotaka. Kila kitu kilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu injini ambayo cheche yake inakuja kwa wakati haimpigi mtu.

Jumatano nilichomoa plagi ya kwanza, nikaingiza bua jembamba la mtama kwenye tundu lake mpaka likagusa pistoni. Nikazungusha tena. Balbu ilipowaka, bua lilikuwa bado linapanda. Lilipanda karibu upana wa kidole kabla ya kusimama. Maana yake cheche ilikuwa inakuja mapema mno, pistoni ingali njiani, ndiyo maana ilisukumwa kurudi nyuma. Na pale bua liliposimama, alama iliyokuwa mahali pake haikuwa ya kiwandani, ilikuwa nyingine kwenye puli hiyohiyo, mkwaruzo wa patasi uliojaa grisi.

Mkwaruzo huo naujua. Wiki tatu zilizopita nilibadilisha platini na kupanga upya taimingi, yaani wakati wa cheche, na Mzee Maganga alisimama begani kwangu akaniambia, "Mwanangu, fuata ya patasi. Puli hii si ya injini hii, fundi wa kwanza aliitoa gari lingine." Nikamjibu, "Mzee, kitabu hakikisii." Akacheka, "Haya, Mwalimu."

Nilifungua shajara yangu. Siku hiyo nimeandika kwa mkono wangu: *M. asema alama ya patasi. Nimefuata kitabu. Kwenye mlima injini inagonga kama kokoto ndani ya debe. Labda petroli mbaya.* Gari liliniambia, na mimi nikaisingizia petroli.

Jana mchana nilipanga taimingi kwa alama ya patasi. Ikabaki kuwasha, na hakuna aliyekubali kuigusa hendeli. Niliishika mwenyewe. Mzee Maganga alikuwa kwenye benchi, mkono umefungwa mabanzi.

"Dole gumba, Mwalimu! Liweke upande mmoja na wenzake. Unataka tukae benchi hili wawili?"

Nilivuta. Kimya. Nikavuta tena, ikawaka, laini kabisa, haikugonga hata kidogo. Watu walikuja mbio, wanawake wakapiga vigelegele. Mimi sikufurahi, maana kuwaka kwake vizuri ndio ushahidi kwamba kosa lilikuwa langu.

Mwenyekiti akauliza, "Kumbe lilikuwa na nini?"

Kabla sijafungua mdomo Mzee akadakia, "Halikuwa na kitu. Mimi niliishika vibaya. Uzee."

Mwenyekiti akalipokea neno hilo. Kesho anakuja mgeni kutoka wilayani, na ataambiwa Mzee Maganga amezeeka, aondolewe kwenye udereva. Nilimfuata nyumbani nikamsihi aseme kweli. Akaniambia, "Mimi watanirudisha shambani. Wewe watakupeleka Nzega. Kalale."

Sikulala, Baba. Asubuhi niliushika ukurasa ule wa shajara kwa vidole viwili, nikauvuta mpaka nyuzi za daftari zikalia. Nikauacha. Kesho nitausoma mbele ya mgeni, na bua la mtama nitakuwa nalo mfukoni nimwonyeshe. Sijui atakuwa mtu wa kusikiliza. Naogopa sana.

Barua hii itatangulia na lori lenyewe, leo likiendeshwa na utingo, mpaka Bukene, kisha treni. Mama msomee mpaka pale pa vigelegele, mengine yabaki kwako. Nisalimie Bibi, na dada yangu mkubwa na wanawe, na Mjomba mshona viatu, mwambie viatu alivyonipa bado vinanivumilia. Ikipita miezi miwili bila barua yangu, usimlaumu mtu wa huku. Uliza Nzega.

Mkono ulioshika hendeli ni mzima, na ndio unaoandika haya.

Mwanao,
Saidi